Mzazi anabadilisha ndege peke yake: kazi inaanza siku ya kukata tiketi

Kila likizo za mwezi wa sita zikikaribia simu yangu inaanza kupokea meseji za aina moja, mama anakuja, au baba anakuja, au bibi anakuja kumwona kitukuu, tiketi tayari imekatwa, anapita Doha, anapita Dubai, yuko peke yake, Kiingereza hana, "hivi hatapotea kweli?" Nimeshawaelezea watu wengi kwa voisi ndefu ndefu, nimeona bora niyaandike yote sehemu moja ili anayetaka asome taratibu na amsomee na mzazi wake.

Jibu langu ni kwamba hatapotea, ila kazi ya kuhakikisha hapotei ni yetu sisi tunaomwita, na tunaifanya siku ya kukata tiketi, siyo siku yuko kule katikati anazunguka na begi. Wazazi wetu siyo wajinga jamani. Mama yangu ni mtu wa Tanga, amefanya biashara zake miaka na miaka, anasafiri mpaka Mombasa na mzigo, anajua kuuliza njia na anajua mtu wa kumwamini kwa kumwangalia tu. Sasa viwanja hivi vikubwa vimejengwa kwa ajili ya mtu anayesoma vibao, na yeye amezoea kuuliza watu. Kwa hiyo mwandalie cha kumwonyesha anayeulizwa, na mpe muda wa kutosha wa kuuliza.

Mimi naishi Iowa, Marekani, kwa hiyo nitatumia njia ya mama yangu kama mfano, Dar, Doha, Chicago, alafu ndege ndogo mpaka Cedar Rapids. Wewe wa Minneapolis au Toronto au Oslo utabadilisha majina, mambo mengi ni yale yale.

Tuanze na tiketi, na hapa nitakaa kidogo sababu ndipo watu wengi wanapoharibu. Nunua tiketi moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, yaani namba moja ya bukingi, ile ya herufi sita. Ukiwa na tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa mama akaikosa ya pili, shirika ndilo linawajibika kumtafutia nyingine. Lakini ukikuta mtandaoni Dar mpaka Doha rahisi, na Doha mpaka Chicago rahisi kwa shirika lingine, ukaunganisha mwenyewe ili uokoe dola mia mbili, basi akichelewa kule lile shirika la pili linamhesabu kama abiria ambaye hakutokea na tiketi imekufa. Na hata asipochelewa, mara nyingi itabidi atoke nje, apite uhamiaji, achukue begi lake, aanze upya kucheki-ini, na nchi nyingine huko kutoka nje kunataka viza. Hizo dola mia mbili usiziokoe kwa mzazi.

Alafu muda wa katikati. Mashirika yanaruhusiwa kukuuzia tiketi ambayo muda wa kubadili ndege ni mfupi sana, kila kiwanja kina kiwango chake cha chini, unaweza kukuta saa moja na kitu, na ile kompyuta inakuonyesha safari hiyo juu kabisa sababu inaonekana fupi. Kijana mwenye mkoba mmoja atakimbia atafika. Mzazi mwenye magoti hawezi, na hatakiwi kukimbia. Mimi siku hizi sinunui chini ya saa tatu, na nikipata nne au tano nafurahi, anapata kwenda msalani, anaswali, anakula, anakaa miguu juu kidogo, ndege ya Doha mpaka Chicago ni kama saa kumi na nne hewani, anahitaji kuiingia akiwa ametulia.

Na saa zenyewe. Sisi tunahesabu saa toka asubuhi, tiketi inahesabu toka usiku wa manane, na mzazi akiona 08:00 anasoma saa nane. Usimwachie atafsiri mwenyewe. Mwandikie kwa Kiswahili kwenye karatasi, "ndege inaruka saa mbili asubuhi, saa za Doha". Uzuri ni kwamba Doha na Dar saa ni moja, hakuna kubadilisha, saa yake ya mkononi aiache vile vile, Addis nako ni hivyo hivyo. Dubai wako mbele saa moja, hapo lazima aambiwe. Chicago wako nyuma yetu saa nane au tisa kutegemea na majira. Na kuna mtego wa ndege za usiku mkubwa, tiketi ikisema tarehe 14 saa 00:40 maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 14, mtu anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 13. Nimeona familia nzima inafika eapoti na mikeka na keki za kuaga usiku wa tarehe 14, ndege imeondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Inauma sana kuangalia.

Sasa siku ya safari, Dar, Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa 2019. Atakayemsindikiza aingie naye mpaka pale wanaporuhusu, na pale kaunta yapo mambo mawili tu ya kuhakikisha. La kwanza, apewe bodingi pasi zote, yaani karatasi za kupandia kila ndege, siyo ya mpaka Doha peke yake. Ikishindikana kuzitoa zote, aambiwe wazi atapata wapi nyingine. La pili, ile tagi ya begi inayobandikwa, zisomwe herufi tatu kubwa zilizoandikwa pale. Kama ni begi la mpaka Cedar Rapids inatakiwa isomeke CID. Ikisomeka DOH peke yake, begi linaishia Doha, simama hapo hapo uulize kabla halijaingia kwenye mkanda. Kale kakaratasi kadogo ka tagi apige picha na akibandike nyuma ya pasipoti au kwenye bodingi pasi.

Alafu kuna karatasi ya nyumbani. Hii natengeneza mwenyewe, upande mmoja Kiswahili kwa ajili yake, upande mwingine Kiingereza kwa ajili ya atakayeulizwa, herufi kubwa, karatasi ngumu. Upande wa Kiingereza unasema jina lake, kwamba anaongea Kiswahili, anakwenda wapi, namba za ndege zote, jina langu na namba yangu ikiwa na +1 mbele. Upande wake nimemwandikia hatua kwa mpangilio, na neno moja nimelichora kubwa kama lilivyo kwenye kibao: TRANSFERS, yaani kubadili ndege. Mama anasoma vizuri, kwa hiyo hata kama lugha siyo yake anazifananisha herufi na kibao. Namwambia, mama, ukitoka kwenye ndege watu watagawanyika, wapo wanaofika mwisho wa safari yao wanaenda ARRIVALS, hao usiwafuate hata kama ni wengi, hata kama jirani yako uliyekaa naye anaenda huko. Kufuata umati ndiyo inawapeleka wazazi wengi kwenye foleni ya uhamiaji wa nchi ambayo hawaingii, anasimama pale dakika arobaini, afisa anamgeuza arudi alikotoka, na hiyo dakika arobaini hairudi.

Pale Doha ukishafuata transfa unakutana na ukaguzi tena, begi la mkononi kwenye mashine, simu, mkanda, kama ulivyofanya Dar. Wengi wanashtuka, wanasema nilishakaguliwa nyumbani. Ndivyo ilivyo, viwanja vingi vikubwa vinakagua upya abiria wa kuunganisha. Na hapa ndipo vitu vya majimaji vinabaki. Ile sheria ya chupa zisizidi mililita 100 imetokana na njama ya mabomu ya majimaji iliyogunduliwa Uingereza Agosti 2006, toka hapo imesambaa karibu dunia nzima, na wao wakisema majimaji hawamaanishi maji tu, wanahesabu asali, samli, mafuta ya nazi, achari, hata siagi ya karanga.

Sehemu moja ya kubadili ndege, sitaitaja, mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja wa makamo, kitenge na mtandio mweusi, begi lake likarudishwa. Wakatoa chupa ya achari ya embe, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, juu yake khanga, juu yake tena selotepu, mtu aliyefunga vile alikuwa anamfikiria mwanawe. Yule kijana wa ukaguzi anatikisa kichwa, mama haelewi, anadhani wanaogopa kuwa ni sumu, basi akaifungua, akachovya kidole akaonja mbele yao, akamnyooshea na yule kijana chupa aonje. Mstari mzima umesimama. Nikasogea nikamwambia kwa Kiswahili shikamoo mama, siyo kwamba wanaikataa chakula chako, ni ukubwa wa chupa. Akaniangalia, akasema marahaba mwanangu, sasa nani angeniambia? Hilo swali lake ndilo linanifanya niandike hivi leo, maana jibu ni kwamba aliyemkatia tiketi angemwambia, na achari ingewekwa kwenye begi kubwa ikafika salama.

Ukitoka kwenye ukaguzi pale Doha unaingia ukumbi mkubwa na pale katikati kuna dubu wa njano, mkubwa kweli, urefu wake karibu mita 7, na taa imemtokea kichwani. Ni kazi ya msanii wa Uswisi anaitwa Urs Fischer, anaonekana kama mdoli wa kitambaa lakini ni shaba nyeusi iliyopakwa rangi. Watu wanapiga naye picha, sisi tumemfanya ni alama. Namwambia mama, ukifika kwa dubu umefika katikati ya kiwanja, simama hapo, angalia skrini, au mwonyeshe mtu mwenye sare karatasi yako. Mageti pale yamegawanywa kwa herufi, A mpaka E, A na B ziko karibu na dubu, C inaendelea mbele, D na E ziko mbali, na kuna treni ndogo inayopita juu humo humo ndani ya jengo inakupeleka upande wa mbali bila kutembea. Huko upande wa mbali siku hizi kuna bustani ya miti kabisa ndani, wanaiita Orchard, ilifunguliwa 2022, wazazi wanapapenda sababu kuna hewa na pa kukaa.

Geti kwenye bodingi pasi ya Dar mara nyingi halijaandikwa, au limeandikwa na likabadilika. Kwa hiyo skrini ndiyo ya kuamini, na kwenye skrini asitafute jina la mji peke yake, maana kuna ndege zaidi ya moja ya mji huo huo, atafute namba ya ndege ile iliyopo kwenye karatasi yake. Na asisubiri kuitwa. Huu ni msisitizo wangu mkubwa. Wazazi wengi wanakaa mahali pazuri wanasubiri spika itangaze kama stendi ya Ubungo ilivyokuwa, wakati viwanja hivi vikubwa vya Ghuba vimepunguza sana matangazo au hawatangazi kabisa, ndege inaondoka kimya kimya. Geti linafungwa kama dakika 20 kabla ya kuruka, wewe mwambie awe ameshakaa getini saa nzima na nusu kabla, na kwa ndege za kwenda Marekani aende mapema zaidi, sababu mara nyingi kuna ukaguzi mwingine tena pale getini na maswali na foleni yake, na maji aliyonunua ndani anaweza kuambiwa ayaache.

Baada ya hayo yote nikuambie kitu ambacho kinapunguza nusu ya shida: wilchea. Kiti cha magurudumu ni bure, kinaombwa kwenye tiketi, omba angalau siku mbili kabla, na siyo lazima mtu awe mlemavu au mgonjwa. Kwenye mfumo wao kuna alama ya herufi nne inaitwa WCHR, maana yake mtu anaweza kupanda ngazi na kutembea kidogo lakini umbali mrefu hawezi, na huo ndio ukweli wa karibu kila mtu aliyevuka miaka 65. Kuna nyingine MAAS, hiyo ni ya kupokelewa na kusindikizwa tu bila kiti, kwa mtu mzima mwenye nguvu zake ila hajui lugha, siyo kila shirika linaitoa kirahisi lakini uliza. Mama yangu mwanzo alikataa, akasema watu wataniona mgonjwa. Nikamwambia mama, siyo kwa ajili ya miguu, ni kwa ajili ya kuwa na mwenyeji. Alipokelewa mlangoni kwa ndege na kijana wa Kenya, akaangalia pasipoti akasema, "Mum, unatoka Tanzania? Twende." Mama anasema kuanzia pale roho yake ikatulia. Pale Doha na Dubai vijana wetu wa Afrika Mashariki wapo wengi, kwenye ulinzi, maduka, usafi, viti, kwa hiyo mwambie mzazi asiogope kuongea Kiswahili kwa sauti, mtu atageuka.

Kitu kimoja tu cha wilchea, wakati mwingine wanawakusanya abiria wote wa viti sehemu moja ya kusubiri na saa zinakwenda. Bodingi pasi aishike mkononi, na ikibaki saa moja amwonyeshe mhudumu, hata mara tatu, asione aibu.

Dubai nitasema kwa haraka. Kama tiketi yote ni Emirates atakuwa ndani ya Terminali 3 muda wote, kuna treni ya chini kati ya kongosi (concourse, yaani sehemu za mageti) A na B, na C unafika kwa miguu toka B. Ila kama ndege moja ni ya flydubai angalia tiketi vizuri, nyingi zinatumia Terminali 2 ambayo iko upande wa pili wa njia ya kurukia kabisa, kuna basi la transfa, na hilo linakula muda. Na WhatsApp pale Emirati haipigi simu, meseji na voisi zinakwenda, kupiga hakukubali. Mwambie kabla, maana wazazi wanapiga, wanaona haiiti, wanadhani wamekatwa na dunia, presha inapanda.

Ndugu zetu wa Kongo, wa Bukavu na Goma wanaopitia Kigali alafu Brussels, kwenu kuna jambo la viza. Raia wa DRC wako kwenye orodha ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja wa pamoja, ya wanaotakiwa viza ya kupita kiwanjani hata kama mtu hatoki nje ya eneo la transit, ila mwenye viza halali ya Marekani au Kanada anasamehewa. Uingereza nao wana yao, na orodha yao inatugusa Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi, wote, nayo ina misamaha ya namna hiyo. Orodha hizi zinabadilishwa, kwa hiyo angalia kwenye tovuti ya ubalozi kabla hujalipa, siyo baada. Na mzazi anayekwenda Oslo kupitia Amsterdam, uhamiaji wake ni Amsterdam, siyo Oslo, yaani pasipoti inakaguliwa pale anapoingia Schengen mara ya kwanza, foleni hiyo iingize kwenye hesabu ya muda.

Chicago sasa. O'Hare, kiwanja chao kikubwa, ni ngumu kuliko Doha, nasema kabisa, sababu Marekani hakuna transfa ya kupita tu, kila mtu anaingia nchini kwenye kiwanja cha kwanza anachotua. Ndege ya Doha inashukia Terminali 5. Anapita uhamiaji, alafu hata kama tagi imeandikwa CID lazima achukue begi lake kwa mkono wake, apite nalo forodha, akiulizwa kama ana chakula aseme ndio na aonyeshe, nyama na matunda asibebe kabisa, alafu akishatoka tu pale kuna sehemu ya kulirudisha begi kwa ajili ya ndege inayofuata. Wazazi wengi wanapita na begi mpaka nje, au mbaya zaidi wanaliacha likizunguka kwenye mkanda wakijua litajipeleka. Kabla hajalirudisha, manukato na maji ya Zamzam na chochote alichonunua dyutifrii ayatie humo ndani, sababu mbele kuna ukaguzi mwingine na chupa kubwa zitaleta mjadala.

Alafu anapanda treni ya kiwanja kwenda Terminali 3, American, shirika la ile ndege ndogo, wako huko. Terminali ni 1, 2, 3 na 5, ya nne haipo, mwambie asiitafute. Hapa saa tatu za katikati ni lazima, uhamiaji pekee unaweza kula saa moja na nusu ndege zikitua pamoja. Na kama unaweza kuendesha gari, Cedar Rapids mpaka O'Hare ni kama saa nne, mimi siku hizi naenda kumchukua Chicago mwenyewe na ile ndege ndogo siinunui tena. Anatoka mlangoni ananiona.

Akikosa ndege katikati, asikae getini akilia na asinunue tiketi mpya. Aende kaunta ya transfa ya shirika lake, aonyeshe bodingi pasi zote mbili na ile karatasi, aombe ndege nyingine, chakula, na mahali pa kulala kama ni usiku. Na wewe siku hiyo usilale, kaa na namba ya bukingi mbele yako na simu imejaa chaji, piga shirika moja kwa moja, maana mara nyingi utampatia ndege mpya kabla foleni ya kaunta haijamfikia, unamtumia picha ya tiketi kwenye WhatsApp na voisi ya geti gani aende.